Mhudumu Anayelala Chumba cha Jirani

Watu wengi wakisikia kwamba chuo fulani kina kikosi cha wanafunzi wanaojitolea kutoa huduma ya kwanza, picha inayowajia ni ya vijana waliovaa vizibao vyekundu, wamesimama kando ya jukwaa siku ya mahafali wakisubiri mzazi azidiwe na jua. Kazi hiyo ipo na tunaifanya, lakini ni sehemu ndogo sana ya shughuli yenyewe. Nilipokuwa nikisoma katika chuo kimoja cha mjini Dodoma nilikuwa mwanachama wa kikosi cha namna hiyo, kilicho chini ya klabu ya vijana wa Msalaba Mwekundu, na hata baada ya kuhitimu nimeendelea kurudi kusaidia mafunzo ya wanachama wapya. Ninaandika kwa sababu naamini kwa dhati kwamba thamani ya kikosi hiki inatokana na jambo moja ambalo hakuna hospitali inayoweza kulinunua, nalo ni kwamba mhudumu analala chumba cha jirani na mgonjwa. Jambo hilo hilo ndilo linaloifanya kazi hii iwe ngumu kuliko inavyoonekana.

Tuanze na muda. Moyo wa mtu ukisimama, ubongo huanza kuharibika kwa kukosa hewa ndani ya dakika nne hadi sita hivi, na mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa damu anaweza kupoteza maisha kabla hata simu ya kwanza haijapokelewa. Sasa chukua chuo kilichotawanyika juu ya kilima, mabweni yako upande huu na zahanati iko upande wa pili, usiku umeshaingia, na gari la wagonjwa, hata kama lipo na lina mafuta na dereva yuko macho, lazima lipite getini na kuzunguka barabara ya vumbi hadi kwenye jengo ambalo dereva mwenyewe halijui kwa jina. Mara nyingi anayefika kwanza ni bajaji iliyoitwa na wanachumba. Kwa hiyo swali la nani atakuwa na mgonjwa katika dakika zile za mwanzo lina jibu moja tu la kweli: atakuwa ni mwanafunzi mwenzake, na lililobaki ni kama mwanafunzi huyo anajua la kufanya au hajui.

Ukisoma chimbuko la Msalaba Mwekundu utaona kwamba jambo hili halikuanza jana. Henry Dunant hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara Mswisi mwenye umri wa miaka 31 alipojikuta karibu na uwanja wa vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, mwezi Juni 1859, na waliomsaidia kuwahudumia maelfu ya majeruhi walikuwa wakazi wa mji mdogo wa jirani uitwao Castiglione, wengi wao wanawake, ambao walileta maji, vitambaa na mikono yao kwa sababu majeruhi walikuwa wamelazwa ndani ya makanisa yao na mbele ya milango yao. Hapa kwetu chama cha Msalaba Mwekundu kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1962, mara baada ya uhuru, na tangu hapo vijana wa shule na vyuo wamekuwa sehemu ya uti wa mgongo wake. Nami kila ninapozungumza na wanafunzi wapya huwakumbusha ajali ya basi la shule huko Karatu ya tarehe 6 Mei 2017, iliyotuachia msiba wa wanafunzi 32 wa shule ya msingi, walimu wao wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika, na miongoni mwa waliowahi kuwapa huduma pale korongoni walikuwa wageni kutoka Marekani waliokuwa wakipita tu katika barabara ile. Sisemi hivyo kumlaumu yeyote. Nasema kwa sababu siku ile ilionyesha wazi kwamba anayepita jirani akiwa na ujuzi ana uzito ambao mtaalamu aliye mbali hawezi kuwa nao.

Mafunzo yetu hufanyika siku za Jumamosi katika ukumbi mdogo wa semina, viti vikiwa vimesukumwa ukutani na mikeka imetandikwa chini. Sehemu inayochukua muda mrefu kuliko zote ni ya kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa kutumia mdoli wa mafunzo. Kanuni yenyewe ni rahisi kuikariri: unakandamiza mara 30, unapuliza hewa mara mbili, unarudia, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kushuka sentimita tano hadi sita. Ugumu uko mwilini. Viganja vinauma, jasho linaingia machoni, na baada ya dakika mbili hivi mwenye nguvu kuliko wote anaanza kukandamiza juu juu bila kujijua, ndiyo maana tunafundisha kupokezana kabla mtu hajachoka. Kuna jambo moja dogo ambalo mkufunzi wetu aligundua na ambalo sijaliona katika kijitabu chochote. Wanafunzi walipokuwa wakihesabu kwa sauti hadi thelathini, walikwenda vizuri hadi kumi, kisha kasi ikashuka ghafla, kwa sababu huwezi kutamka "ishirini na saba" ndani ya nusu sekunde. Akaamuru kwamba kila mtu ahesabu moja hadi kumi mara tatu, huku msaidizi akikunja kidole kila kumi inapotimia, na tangu siku hiyo mdoli wetu umekuwa ukipata mikandamizo yenye kasi moja kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Mkoba wetu nao huwashangaza wengi kwa yale yasiyomo. Una glavu, gozi, bandeji za kuviringisha na za pembetatu, plasta, mkasi butu, tochi, blanketi jepesi, glukosi na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Hauna Panadol, hauna dawa ya tumbo, hauna kidonge chochote cha kutuliza maumivu. Kila wiki kuna anayegonga mlango akiomba "dawa tu ya kichwa, ndugu yangu, kesho nina mtihani," na kila wiki jibu ni lile lile, kwamba mhudumu wa huduma ya kwanza hagawi dawa, kwa kuwa hajui mwenzake ana vidonda vya tumbo, ana mzio, ni mjamzito, au ameshameza kitu kingine saa mbili zilizopita. Wapo waliotuona tuna roho mbaya kwa sababu hiyo. Mimi nautetea msimamo huu kwa moyo wangu wote, kwani kikosi kikianza kugawa vidonge kinageuka duka la dawa lisilo na mfamasia, na siku moja kitamdhuru mtu kilichojiapiza kumsaidia.

Nieleze tukio moja kwa ukaribu, huku nikibadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mhusika. Usiku mmoja wa majira ya mitihani, katika chumba cha kujisomea kilichojaa hadi kwenye ngazi, kijana mmoja aliteleza kutoka kwenye kiti chake, mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika kwa nguvu. Kilichofuata kila Mtanzania anakijua. Mmoja alikimbilia kijiko akitaka kumtia mdomoni asijing'ate ulimi, mwingine akashika miguu yake ili kumzuia asitikisike, wa tatu akawasha kiberiti, na waliobaki wakarudi nyuma hadi ukutani wakiamini kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mwenzetu mmoja wa kikosi alikuwa anasoma meza ya tatu kutoka pale. Hakupiga kelele. Aliondoa kiti na meza vilivyokuwa karibu na kichwa cha kijana yule, akakunja sweta lake na kuliweka chini ya kichwa, akatazama saa yake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kijiko hapana, kaka. Tumuachie, itaisha yenyewe." Akawaomba wasichana wawili kanga zao, akawapa vijana wanne warefu wazishike kama pazia huku wakimpa mgonjwa mgongo. Kwa aliyeanza kurekodi alisema tu, "Naomba ushushe simu, ndugu yangu," na simu ikashuka.

Mtikisiko ulikoma kabla ya dakika tatu. Kama ungevuka dakika tano, au ungekoma na kurudi kabla hajapata fahamu, angetakiwa kukimbizwa hospitali bila kungoja mashauriano, na bajaji ilikuwa imeshaitwa kwa tahadhari hiyo. Mwenzetu akamgeuza ubavu ili mate yatoke na njia ya hewa ibaki wazi, akakaa sakafuni pembeni yake. Kijana alipofungua macho hakujua yuko wapi, suruali ilikuwa imelowa, na kitu cha kwanza alichokiona ni kanga zikiwa zimemzunguka pande zote. Moja ilishushwa akafungwa kiunoni kabla pazia halijaondolewa. Alitoka ukumbini akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na nusu ya waliokuwepo walikuwa wamesharudi kwenye madaftari yao.

Tukio lenyewe ni la dakika chache, na yeyote aliyefunzwa vizuri anaweza kulimudu. Sehemu ngumu huanza asubuhi yake. Muuguzi wa hospitali akishamhudumia mgonjwa, kila mmoja anarudi kwenye maisha yake na huenda wasionane tena. Sisi tunapanga foleni moja ya chakula. Tunakaa mstari mmoja darasani, tunapangwa kundi moja la kazi ya semina, tunasali msikiti mmoja au kuimba kwaya moja. Kijana yule hakuwahi kuwaambia hata wanachumba wake kwamba ana kifafa, na sasa kuna mtu aliyemwona katika hali ambayo asingependa hata mama yake aione. Kwa wiki kadhaa, kila alipomwona mwenzetu yule aliyemhudumia, kijana huyo alibadilisha njia. Kanuni yetu hapa ni kali: aliyehudumia haulizi "unaendeleaje" mbele za watu, hasimulii kantini, hata kwa kuficha jina, kwa sababu chuoni ukisema "kijana mmoja wa uhasibu, mwaka wa pili" umeshamtaja. Daftari la matukio huandikwa namba badala ya majina na hufungiwa kabatini kwa mlezi wa klabu. Tena aliyehudumia hamsalimu mwenzake kwa upole uliozidi kiasi, maana huruma inayoonekana waziwazi nayo ni njia ya kusema siri. Tumewahi kumwondoa mwanachama hodari sana kwa kosa la kusimulia, na sioni kwamba tulizidisha. Mwanafunzi akishaamini kwamba kikosi kinasema, hatatuita tena, atafunga mlango na kuugua humo ndani.

Na kuugua ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu chuoni kuna sababu nyingi za mtu kuficha. Iko desturi ya kubebana, ambapo aliyekosa nafasi hosteli hulala kitanda kimoja na aliyepata, kinyume cha taratibu. Anayebebwa akizidiwa usiku, wenyeji wake hujiuliza kwanza itakuwaje matroni akijua kabla hawajajiuliza anapumuaje. Wako wasichana wanaotokwa na damu na wanaogopa kusema chanzo chake. Wako waliomeza vitu baada ya matokeo kutoka. Katika hali zote hizo, mhudumu anayefahamika kuwa mwanafunzi mwenzao, asiyeuliza kitambulisho cha chumba wala kuhukumu, ndiye mlango pekee ambao wanachumba wako tayari kuugonga saa nane za usiku. Anaingia, anajitambulisha, anaomba ruhusa: "Dada, mimi ni wa huduma ya kwanza, niko chumba cha juu. Naomba nikuangalie." Wajibu wake baada ya hapo ni kumfikisha mgonjwa kwa wataalamu, akihakikisha kwamba kadi ya bima na kitambulisho vimeingia kwenye mfuko wa mtu anayemsindikiza. Enzi zetu tulichangia bima ile shilingi 50,400 kwa mwaka, na inasikitisha kuona mtu aliyelipa anarudishwa dirishani kwa sababu kadi imebaki chini ya godoro. Kwa sababu hizi pia kikosi kisicho na wasichana wa kutosha ni nusu kikosi. Katika bweni la kike usiku, mwanamume mwenye mkoba hafiki popote, wala hapaswi kufika.

Mengine ni ya kawaida na nitayapitia haraka. Hita za kuchemshia maji ndoo huunguza watu kila muhula, na kila muhula tunakuta kidonda kimeshapakwa dawa ya meno au ute wa yai, wakati kinachotakiwa ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Damu ya pua inatulizwa kwa kuinamisha kichwa mbele na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi au zaidi, wala si kuinua kichwa juu kama tulivyofundishwa utotoni. Nge wa Dodoma wanauma sana, na aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hanyonywi sumu, wala hafungwi kamba ya kukata damu. Anatulizwa, kiungo kinazuiwa kisitikisike, na anapelekwa hospitali. Upepo wa kiangazi unapoinua vumbi, wenye pumu tunawaketisha wima na kuwasaidia kutumia pampu zao wenyewe. Wenye selimundu, yaani siko seli, tunawafahamu kwa hiari yao, na hao wakisema maumivu yameanza hatusubiri kuona kama yatapoa.

Kipindi cha mitihani kinastahili maneno ya ziada. Wanafunzi huacha kula, hawalali, wanaishi kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha wanaanguka. Wakati mwingine anaanguka mmoja, na baada ya robo saa wameanguka watano katika korido ile ile, na neno linaenea kwamba fulani amepandisha mashetani. Nchi yetu ina historia ndefu ya mambo haya. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kicheko kisichozuilika kiliwashika wanafunzi wengi hadi shule ikafungwa. Sisi hatuingii katika ubishi wa mashetani, kwa kuwa ubishi huo hauna msaada kwa aliyelala sakafuni. Tunamtenganisha kila mmoja na umati, tunahakikisha anapumua, tunafungua madirisha, tunakataa makofi ya usoni na moshi wa kufukiza, tunaongea naye kwa jina lake taratibu. Umati ukishatawanyika, mara nyingi wengine hawaanguki.

Hofu ya kundi inaweza kuua. Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, mlipuko wa hitilafu ya umeme kabla ya mapambazuko uliwafanya wanafunzi wa kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi wadhani wameshambuliwa. Wengi waliruka kutoka madirishani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 waliumia, na hapakuwa na mshambuliaji yeyote. Tangu nilipofahamu habari za usiku ule, nimekuwa nikisisitiza kwamba sauti tulivu ni kifaa cha kwanza katika mkoba wetu, na kwamba kila mhudumu ajue ngazi zote za bweni lake, mlango upi hufungwa na kufuli na nani anashika ufunguo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tunaufundisha kwa wote, tena tunautumia kwa wahudumu wenyewe, kwa sababu kijana wa miaka 21 aliyemkandamiza kifua rafiki yake hadi bajaji ikafika hawezi kurudi kwenye kitabu cha takwimu kana kwamba alikuwa ametoka kuteka maji. Baada ya tukio zito tunakaa pamoja, anayetaka kusema anasema, anayetaka kukaa kimya anakaa kimya, na kwa siku kadhaa hapangiwi zamu peke yake.

Kikosi cha wanafunzi kina udhaifu mmoja usiokwepeka: kila mwaka kinapoteza watu wake wazoefu. Anayejiunga mwaka wa kwanza huwa mhudumu wa kutegemewa mwaka wa pili, na kufikia mwisho wa mwaka wa tatu anafunga begi lake. Kwa hiyo kila mwezi Novemba, wanafunzi wapya wanapokuwa bado wanauliza njia ya maktaba, sisi tunaweka meza karibu na foleni ya usajili na kuanza upya. Tunatafuta angalau wahudumu wawili kwa kila ghorofa ya kila bweni, tukiwapa wasichana kipaumbele, na tumeuomba uongozi wa chuo ruhusa ya kubandika namba za vyumba vyao kwenye ubao wa matangazo wa kila jengo. Kwa mabweni ya kike ruhusa imepatikana, kwa ya kiume bado tunafuatilia. Safari hii tumewaalika pia walinzi kwenye mafunzo ya Jumamosi, kwa kuwa wao ndio wenye funguo za geti saa tisa za usiku.